Majina ni yetu: programu ya kutafutana isikatiwe shauri bila sisi

Goma. Wiki iliyopita nilikaa katika chumba kidogo nyuma ya duka la kuchaji simu pamoja na vijana wanne. Wengi wenu hamjui sura zao, lakini kazi yao mnaijua. Ni wao waliotengeneza ile programu ya kutafutana. Ukipoteza mtu njiani wakati wa kukimbia, ulimwendea mtu wa kamati mwenye simu. Aliandika jina lako, jina la uliyempoteza, kijiji mlichotoka na mahali mlipoachana. Simu ilihifadhi hata pasipo mtandao. Mtandao ukirudi, majina yalikwenda yenyewe kukutana na majina mengine, na jioni sisi wa radio tukasoma.

Vijana hao wamechoka. Mmoja amepata kazi Kampala. Mwingine ana mtoto mchanga. Seva wanailipa kwa mfuko wao, dola baada ya dola, na tangu benki za hapa zifungwe, kila mwezi inabidi kumwomba ndugu wa nje atume pesa kwa niaba yao. Mkubwa wao aliniambia: «Yaya, tulianza kwa sababu tulikuwa tunatafuta watu wetu. Sasa imekuwa mzigo, na kila siku watu wanatupigia.» Sina neno baya juu yao. Wamefanya kazi ambayo wenye mishahara hawakuifanya.

Lakini wanataka kukata shauri kabla ya mwisho wa mwezi, na njia zilizo mezani ni tatu. Ya kwanza ni kukabidhi kila kitu kwa shirika kubwa. Ya pili ni kukubali pesa ya mfanyabiashara anayetaka kuingiza matangazo yake humo. Ya tatu ni kuzima. Mimi nasema wazi tangu mwanzo: njia yoyote kati ya hizo itakuwa mbaya ikiwa itachaguliwa na watu wanne ndani ya chumba, wakati maelfu ya watu ambao majina yao yamo ndani hawajaulizwa hata mara moja.

Nianze na neno linalowachanganya wengi. Vijana wanasema programu yao ni huria. Mzee mmoja aliposikia hivyo alishtuka, akaniuliza: «Kwa hiyo majina yetu yako wazi kwa kila mtu?» Hapana, mzee. Fikirini sombe. Namna ya kupika sombe haina mwenyewe. Mama wa Bukavu anaijua, mama wa Beni anaijua, huyu anatia mawese, yule anatia karanga, hakuna anayemshitaki mwenzake. Programu huria ni hivyo: maandishi yanayoiendesha yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha. Lakini sufuria iliyo juu ya moto nyumbani kwa mama fulani ina mwenyewe. Huingii jikoni kwake ukafunua kifuniko kwa sababu eti mapishi ni ya wote. Majina yetu ni sufuria.

Kwa hiyo mambo ya kuamua ni mawili. Mapishi yaende wapi? Sufuria ikae kwa nani? Katika chumba kile nilisikia watu wakiyazungumza kana kwamba ni jambo moja: «tutoe mradi», «tuuze mradi», «tufunge mradi». Ugomvi wangu wote unatoka hapo.

Tuangalie njia ya kwanza. Wako wanaosema: tuwape wakubwa, wana pesa, wana wataalamu, wana magari. Jambo hili si geni kwetu Wakongomani, na wengi hawajui. Mwaka 2012, vita vya M23 vilipowasukuma watu wa Rutshuru kuvuka mpaka pale Bunagana, walipokelewa Nyakabande, upande wa Kisoro huko Uganda, na wengi wakapelekwa Rwamwanja. Watoto wengi walifika bila wazazi. Huko ndiko ilikojaribiwa programu huria iliyoitwa RapidFTR. Wazo lake lilikuwa la mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, Jorge Just, katika darasa lililofanya kazi kwa ajili ya UNICEF. Watengenezaji wa programu kutoka nchi mbalimbali walitoa muda wao bure kuijenga. Mfanyakazi alimpiga mtoto picha kwa simu, akaandika habari zake, na mtandao ukipatikana habari hizo zikaenda kwenye orodha ya pamoja. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karatasi, na karatasi inasafiri polepole kuliko mtoto.

Leo RapidFTR haipo tena kwa jina hilo. Kazi yake iliingia katika programu kubwa zaidi inayoitwa Primero, nayo pia ni huria. Sisemi ilikuwa makosa. Kitu kidogo kilikua, mapishi hayakupotea, na hayakupotea kwa sababu yalikuwa wazi. Hilo ni jema, na vijana wetu wasiogope kulifanya. Maandishi ya programu yao yachukuliwe, yatumiwe Ituri, yatumiwe Tanganyika, yatumiwe hata Sudan Kusini. Sisi tutafurahi.

Lakini sufuria? Hapo wakubwa hawana cha kutuhakikishia. Mwezi wa 1 mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandaoni waliingia katika seva zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000. Hawakuwa wafanyabiashara wala wanasiasa. Walikuwa watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na majanga, watu waliopotea na familia zao, watu waliofungwa. Ni watu kama sisi, katika orodha kama yetu. Ikabidi mitambo ya kuwatafuta izimwe kwa muda. Wale ni watu wenye uzoefu wa zaidi ya miaka 150, na walikuwa na ujasiri wa kutangaza yaliyowapata. Nawaheshimu kwa hilo. Basi mtu asiniambie kwamba ukubwa peke yake ni kufuli. Ghala kubwa linamvuta mwizi mkubwa.

Njia ya pili ni ya mfanyabiashara. Anasema atalipa seva miaka miwili, yeye anataka tu matangazo yake yaonekane. Vijana wawili wanaona ni bahati. Mimi nawaomba waangalie ile ramani ya simu ambayo wamotari wengi wanaitumia bila mtandao. Ilianza kama kazi ya watu wachache. Mwaka 2014 iliyokuwa inaitwa Maps.me ilinunuliwa na kampuni ya Urusi, Mail.Ru. Mwaka 2015 maandishi yake yakafunguliwa. Mwaka 2020 ikauzwa tena kwa wengine, na watumiaji wakaanza kulalamika kwamba si ile waliyoizoea. Baadhi ya waanzilishi wakachukua maandishi yale yaliyo huria, wakaanzisha Organic Maps. Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2025 wachangiaji wa Organic Maps wenyewe waliandika barua ya wazi kwa wenye hisa wa kampuni inayoishika, wakidai uwazi na sauti katika maamuzi. Hawakuelewana. Wachangiaji wakajitenga, wakaanzisha nyingine, CoMaps, na jina hilo lilichaguliwa kwa kura ya jamii yao.

Vijana wetu wanapenda sana hadithi hiyo. Wanasema: unaona, yaya, mfanyabiashara akituharibia, tutachukua maandishi yetu tuondoke, tuanze upya. Ndiyo, kwa ramani inawezekana. Barabara ya Sake haijali iko katika programu ngapi. Ukiwa na ramani mbili, mbaya zaidi utachagua moja. Lakini orodha ya waliopotea haigawanyiki hivyo. Tukigawanyika, mama ataandikwa katika orodha hii na mtoto wake katika orodha ile, na wote wawili watasubiri. Kila mmoja ataambiwa jioni: jina halijaonekana. Kwa programu nyingine, kujitenga ni haki na pengine ni dawa. Kwa hii yetu, kujitenga ni kuwapoteza watu mara ya pili. Ndiyo maana lazima tuelewane mapema juu ya nani anakata shauri. Hatuna nafasi ya kugombana kwanza na kutengeneza baadaye.

Na matangazo? Anayelipia matangazo anataka kujua nani anayaona, yuko wapi, anatafuta nini. Mfanyabiashara huyo pengine ni mtu mwema. Lakini atakapofilisika, atauza alicho nacho. Nani atakuwa upande wa pili wa meza siku hiyo?

Njia ya tatu ni kuzima. Hii inaonekana safi kuliko zote. Lakini kuzima bila mpango hakumalizi kitu. Seva isiyolipwa inafungwa na mwenye nayo, na yaliyomo hujui yamefia wapi. Simu za watu wa kamati bado zina nakala. Mmoja ataibiwa simu yake kwenye tshukudu, mwingine ataiuza apate unga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari bila mlinzi linapoteza watu pamoja na habari zao.

Wako pia wanaotaka kati ya kuzima na kuendelea: tumwachie mmoja tu, yule wa mwisho mwenye moyo. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote. Mwaka 2024 dunia ya kompyuta ilitetemeka kwa sababu ya kitu kidogo kinachoitwa xz, programu huria ya kubana mafaili ambayo imo ndani ya kompyuta nyingi sana duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, bila mshahara, naye alikuwa amechoka na alisema hivyo waziwazi. Akajitokeza mgeni mwenye mikono myepesi aliyejiita Jia Tan. Akasaidia, akasaidia tena, kwa muda mrefu, hata akapewa funguo. Kisha akaficha ndani yake mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Uligunduliwa mwezi wa 3 mwaka huo na mhandisi Andres Freund, kwa sababu tu aliona kompyuta yake inachelewa kidogo kuliko kawaida akataka kujua kwa nini. Ikiwa mgeni mvumilivu anaweza kupata funguo za kitu cha namna hiyo, atashindwa kupata funguo za orodha ya wakimbizi kutoka kwa kijana mmoja aliyechoka? Na katika inchi hii yetu, wako watu ambao wangetoa pesa nyingi kujua fulani wa kijiji fulani analala wapi.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwahukumu vijana na kujificha. Siku moja nilisoma hewani jina la msichana pamoja na mahali alipopokelewa, mpaka jina la avenue. Nilidhani nafanya mema. Kesho yake mjomba wake alikuja radio mapema, hajala, akaniambia: «Papa, yule aliyekuwa anamtafuta si wa familia.» Ilibidi msichana ahamishwe usiku ule ule. Alipona. Lakini mimi sikulala vizuri kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo sisomi mahali, nasoma jina la anayetafuta tu. Sheria hiyo haikutoka kwa mtaalamu wa kompyuta. Ilitoka kwa mjomba yule.

Hiyo inanifikisha kwa wale wanaosema: «Wakimbizi hawajui kompyuta, utawauliza nini?» Nitawajibu kwa mfano mmoja. Programu ilipoanza, ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la familia, kama zile za Ulaya, ili kuwaunganisha ndugu. Haikuunganisha mtu. Mama mmoja wa kamati, kutoka Masisi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alicheka alipoona. Akasema: «Wanangu watano wana majina matano. Nani kati yetu ana jina la familia? Na mdogo wangu akiulizwa mama yako nani, atasema Mama wa kifungua mimba wangu, hajui jina langu la kadi.» Vijana wakaongeza nafasi ya kuandika jina mtoto analomwita mama yake, na majina ya ndugu mmoja mmoja. Tangu hapo majina yakaanza kukutana. Mwambieni mama yule kwamba hajui.

Na nani mwingine angejua kwamba orodha nzima imepitwa na wakati? Mwezi wa 2 mwaka 2025, baada ya vita kuingia Goma, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya: hema za bashi zikaondolewa, watu wakabeba mizigo, wengine wakarudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia katika familia za watu mjini, wengine hatujui. Lakini katika seva bado imeandikwa «Bulengo», na namba ya hema ambayo leo ni jiwe la volkano tu. Shirika likikabidhiwa orodha hiyo kama ilivyo, litapokea anwani za mahali pasipo na watu. Wanaoweza kuirekebisha ni wenye majina wenyewe.

Kwa hiyo sitaki tu kupinga. Nasema hivi vifanyike.

Kwanza, liundwe baraza dogo kabla ya uamuzi wowote. Nusu yake iwe ya watu waliokimbia, na wanawake wasiwe wa kupamba kiti. Waliobaki wawe vijana wa programu, mtu wa radio, na mtu mmoja anayeaminika asiye na ajira katika mradi. Baraza ndilo likate shauri, na neno lake liandikwe na kusomwa hewani.

Pili, funguo za seva zisiwe mkononi mwa mtu mmoja, hata kama ni malaika. Wawe wawili au watatu, na jambo kubwa lisifanyike bila wawili kukubali. Simu za kamati zenye nakala zikusanywe na zisafishwe. Anayejitolea kusaidia kutoka mbali apokewe kwa shukrani, asome maandishi, apendekeze marekebisho; sufuria asifunuliwe.

Tatu, majina yasihamishwe kwenda kokote kabla ya wenyewe kuulizwa. Najua hatuwezi kumfikia kila mtu. Basi tutangaze kwa majuma kadhaa, asubuhi na jioni, katika lugha zetu zote: anayetaka jina lake lifutwe aseme, aliyempata mtu wake aseme. Waliokutana wafutwe, maana hawana sababu ya kubaki katika orodha. Wale ambao hatukuwapata, habari zao zibaki zimefungwa, zisipewe mtu.

Nne, mapishi yalindwe kwa leseni inayofaa. Iko leseni iitwayo AGPL, ambayo toleo lake la 3 lilitoka mwaka 2007. Inasema kwamba yeyote anayechukua programu, akaibadilisha na kuiendesha katika seva yake kwa ajili ya watu, lazima awape watu hao mabadiliko yake pia. Mfanyabiashara akitaka kutumia maandishi, atumie. Lakini hatajifungia nayo.

Tano, pesa. Shirika linalotaka kusaidia, lilipe seva, lilipe posho ya vijana wawili, tutasema aksanti sana. Msaada wa pesa, ndiyo. Funguo, hapana. Na hesabu isomwe mbele ya watu, hata kama ni dola kumi.

Mtaniambia kwamba njia hii ni ya polepole, na mwezi unakwisha. Ni kweli. Baraza lina maneno mengi, atatokea mtu wa kutaka posho ya kikao, atatokea chefu wa kartie kutaka kuwa mwenyekiti. Nayajua hayo, nimeripoti mikutano mingi. Lakini tumeshaona mambo yetu yakiamuliwa haraka. Kambi ziliamuliwa haraka. Jetoni za chakula zilibadilishwa haraka, tukasimama kwenye mstari usio wetu. Mwezi mmoja zaidi wa seva ni kitu ambacho sisi wenyewe tunaweza kuchangia, franka kwa franka, na mimi nitatoa wa kwanza.

Vijana wamekubali kuahirisha mpaka wasikie kutoka kwenu. Siku ya Jumamosi, saa nane mchana, watakuwa uwanjani karibu na radio, na mimi nitakuwepo. Wewe uliyeandikisha jina, njoo. Wewe uliyempata mtu wako kwa njia hii, njoo useme ilikuwaje. Na wewe ambaye bado unasubiri jioni kwa jioni ukiwa umeweka sikio kwenye radio, njoo kuliko wote, maana orodha hii ni yako kuliko ilivyo yetu.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Goma.